"A nice point": jaji hakuwa anasifu

Swali la msomaji: "Natafsiri hukumu za zamani kutoka Kiingereza. Katika moja, jaji ameandika kwamba hoja ya wakili ni 'a nice point'. Nikaandika 'hoja nzuri'. Mhariri ameirudisha, akisema jaji hakuwa anasifu. Nikafungua kamusi, nikakuta asili ya neno hilo ni 'mjinga', nikazidi kuchanganyikiwa. Neno moja linawezaje kubeba ujinga, uzuri, na hicho anachokisema mhariri? Na nitajuaje lini ni lipi?"

Mhariri wako yuko sahihi, na kamusi yako haikukosea. Jaji anaposema "a nice point" hasifu hoja wala wakili. Anasema hoja ile inahitaji kupambanuliwa kwa makini, kwamba pande mbili zinakaribiana uzito na kinachozitenganisha ni kitu kidogo sana. Anaweza kuyasema hayo, kisha aya mbili mbele akaitupilia mbali hoja hiyohiyo. Ukiandika "hoja nzuri", msomaji wa Kiswahili atadhani wakili ameshinda, halafu atashangaa kuona ameshindwa. Kosa la namna hii halimalizwi kwa kupamba lugha, kwa sababu linapotosha mwendo wa hukumu nzima.

Andika "hoja inayohitaji kupambanuliwa kwa makini". Kwa "a nice distinction" andika "tofauti ndogo sana lakini yenye uzito". Kwa "the question is nicely balanced" andika "pande zote mbili zina uzito unaokaribia kulingana". Ningekushauri uepuke "hoja nyeti": unyeti kwetu unahusu siri, hisia au jambo la kuogopa kuligusa, na jaji hakusema hivyo. "Hoja tata" nayo haifai sana, kwani utata unaashiria kwamba mambo hayaeleweki, ilhali hoja ya jaji inaweza kueleweka wazi kabisa na bado ikawa ngumu kuamua. Tangu sheria ya Tanzania ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, hukumu za Kiingereza zilizotangulia zimebaki kuwa hazina ya kurejewa. Atakayesoma tafsiri yako huenda akaitegemea, kwa hiyo neno hili dogo lishughulikie kikamilifu.

Sasa asili yake. Mwanzo ni Kilatini, neno "nescius", lililoundwa kwa "ne", yaani si, na kitenzi "scire", yaani kujua. Maana yake ni asiyejua. Kitenzi hichohicho kimezaa "science", "conscience", "conscious" na "omniscient". Kwa hiyo "nice" na "science" ni maneno ya ukoo mmoja, moja likitaja kujua na jingine likikana kujua.

Kutoka "asiyejua" hadi "mpumbavu" ni hatua fupi, na Mswahili haihitaji kuelezwa sana. Mwalimu Nyerere alipotaja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, hakumtukana mtu. Ujinga pale ni kukosa elimu. Lakini mtu akikuita mjinga mbele za watu, unajua umetukanwa. "Nescius" ilipita njia hiyo. Ilipofika katika Kifaransa cha kale, karne ya 12, ilikuwa imefupishwa ikawa "nice" na maana yake ilikuwa mpumbavu, mzembe, dhaifu. Kihispania kilirithi neno hilohilo kwa umbo la "necio", na hadi leo "necio" ni mpumbavu au mkaidi. Yaani Mhispania na Mwingereza wamerithi neno moja, mmoja akabaki nalo kama tusi, mwingine analitumia kumsifu mgeni wake.

Kiingereza kililipokea kupitia Wanormani, watu wa Normandia, kaskazini mwa Ufaransa. Baada ya mtawala wao William kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, ya mabwana na ya mahakama kwa karne kadhaa, na maneno yake yakamiminika katika Kiingereza. "Nice" inaonekana katika maandishi ya Kiingereza karibu na mwaka 1300, na maana yake ya kwanza humo ni ileile ya Kifaransa: mpumbavu, wa kipuuzi. Geoffrey Chaucer, katika miaka ya 1380, alilitumia mahali panaponivutia kuliko pengine pote. Katika utenzi wake juu ya Troilus na Criseyde anasema kwamba lugha hubadilika ndani ya miaka elfu, na maneno yaliyokuwa na thamani zamani sasa yanaonekana kwetu "nyce and straunge". Anamaanisha ya kipuuzi na mageni. Mtu wa leo akiusoma mstari huo bila maelezo atadhani Chaucer anayasifu maneno ya kale, kumbe anasema kinyume chake, tena kwa kutumia neno ambalo lenyewe lingekuja kupatwa na jambo analolieleza.

Baada ya Chaucer neno hili lilitawanyika pande nyingi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi hupotea. Hakukuwa na siku moja ambapo "mpumbavu" aliondoka na "mzuri" akaingia. Upumbavu wa mtu anayejipamba kupita kiasi ulizaa maana ya anasa na ulimbwende. Mtu wa anasa ni mtu wa kuchagua, hali hiki, hagusi kile, na hapo ikatoka maana ya mchaguzi, mwenye kinyaa, mgumu kuridhika. Mchaguzi huona tofauti ndogo ambazo wengine hawazioni, na hapo ikazaliwa maana ya makini, sahihi, yenye kutenganisha mambo yanayofanana. Katika karne ya 16 maana hii ya usahihi ilikuwa imeshika mizizi, na ndiyo iliyobaki kinywani mwa jaji wako. Kutoka upande huohuo wa uchaguzi, kitu kilichochaguliwa vizuri, chakula laini, kazi ya mkono iliyonyooka, kiliitwa "nice" kwa sababu kinamridhisha mchaguzi. Kitu kinachomridhisha mchaguzi kinampendeza mtu yeyote. Katika miaka ya 1760 tunaanza kuiona waziwazi maana ya kupendeza tu, bila wazo la usahihi. Maana ya mtu mwema, mwenye kujali wenzake, ilikuja nyuma zaidi, katika karne ya 19.

Kwa muda mrefu maana hizi ziliishi pamoja. Kamusi kuu ya Oxford yenyewe inakiri kwamba katika mifano mingi ya karne ya 16 na 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia ipi. Kwa hiyo ukikwama kwenye maandishi ya wakati huo, usidhani ni udhaifu wa Kiingereza chako.

Shakespeare anaonyesha hatari hiyo vizuri. Katika "Julius Caesar", tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1963, Cassius analalamika kwa Brutus kuhusu mtu wao aliyeadhibiwa kwa kupokea rushwa. Anasema wakati kama ule wa vita haifai "every nice offence" ifuatiliwe. Hasemi kosa zuri. Anasema kosa dogo, la kuhesabiwa na mtu anayechambua hata punje. Katika "Romeo and Juliet" padre Laurence, akisikia kwamba barua yake haikufika, anasema "the letter was not nice", na anaeleza papo hapo kwamba ilikuwa nzito na ya maana kubwa. Yaani haikuwa barua ya mambo madogo. Mtafsiri akiandika "barua haikuwa nzuri" anaiharibu sehemu ambayo maafa yote ya mwisho yanaanzia.

Kufikia mwaka 1755, Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake, maana anayoitanguliza ni usahihi wa kuangalia kila kijambo. Miaka 60 na kidogo baadaye sifa ya jumla ilikuwa imeenea kiasi cha kukera watu wenye masikio makini. Katika "Northanger Abbey" ya Jane Austen, iliyotoka mwisho wa mwaka 1817, msichana Catherine anakiita kitabu fulani kizuri kuliko vyote kwa neno "nicest", na Henry Tilney anamtania: siku ni "nice", matembezi ni "nice", nanyi ni wasichana "nice", neno linafaa kwa kila kitu! Anamkumbusha kwamba asili yake lilihusu unadhifu, adabu na uteuzi. Angalia lakini kwamba Tilney naye hakurudi hadi mwanzo. Unadhifu anaoutetea ni kituo cha katikati, na mtu wa mwaka 1300 angemsahihisha yeye pia.

Hili linanileta kwenye jambo linalosambazwa sana, kwamba mtu akikuambia wewe ni "nice" amekuita mjinga bila kujua. Si kweli. Maana ya neno ni ile wanayoelewana wasemaji wake leo, na asili inaeleza lilikotoka tu. Kama asili ndiyo ingetawala, basi "silly" ingekuwa baraka, kwa kuwa ilianza katika Kiingereza cha kale ikiwa na maana ya mwenye heri, ikashuka kuwa wa kuhurumiwa, kisha mpuuzi. Binamu yake wa Kijerumani, "selig", bado ana heri yake. Maneno haya mawili, "nice" na "silly", yamepishana njiani, moja likipanda na jingine likishuka. Vilevile achana na hadithi kwamba neno hili linatokana na mji wa Nice wa Ufaransa. Mji ule jina lake ni la Kigiriki, Nikaia, na unatamkwa "Nis".

Matamshi hayo ya mji yanafundisha kitu kimoja cha ziada. Neno letu nalo zamani lilitamkwa kwa "i" ndefu, karibu na "niis". Kati ya karne ya 15 na ya 17 irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake mdomoni, na "i" ndefu ikawa "ai". Ndiyo sababu "time", "wife" na "nice" zinaandikwa kwa "i" lakini zinatamkwa kwa "ai". Tahajia ilibaki nyuma, sauti ikasonga.

Utajuaje lini ni lipi? Anza na nomino inayoambatana nalo. Zipo nomino chache zinazovuta maana ya usahihi: "point", "distinction", "question", "judgment", "calculation", "balance", na "ear" pale mtu anaposemwa kuwa na sikio la kutambua sauti. Ukikuta "nice" mbele ya mojawapo katika maandishi ya sheria, falsafa au uhakiki, chukulia kwanza kuwa ni usahihi, kisha tafuta sababu ya kubadili mawazo. Ikiwa mbele ya mtu, chakula, hali ya hewa, nguo au mahali, katika maandishi ya miaka 150 iliyopita, chukulia kuwa ni sifa. Tahadhari: "a nice point" inaweza pia kutamkwa na mwalimu darasani kwa mwanafunzi wake, na hapo ni pongezi kweli. Kinachoamua ni nani anaongea na nini kinafuata. Jaji akiendelea kwa sentensi ndefu ya kulinganisha pande mbili, ni usahihi. Mwalimu akiendelea na pongezi nyingine, ni sifa.

Hatua ya pili ni tarehe ya maandishi yenyewe, si ya toleo ulilonalo mkononi. Kabla ya mwaka 1500 upumbavu uwe mawazoni mwako daima. Kati ya 1500 na 1760 fikiria uchaguzi, kinyaa, udogo na usahihi, na maana ya leo iwe ya mwisho kabisa. Kuanzia 1760 hadi katikati ya karne ya 19 ni eneo la mchanganyiko, ambapo mwandishi mmoja anaweza kutumia maana mbili katika ukurasa mmoja. Hapo usikimbie.

Hatua ya tatu ni kulibadilisha. Weka "pleasant" mahali pake usome sentensi nzima. Ikikaa vizuri na aya ikaendelea kueleweka, ni sifa. Ikigoma, weka "subtle", kisha "precise", kisha "fussy", kisha "trivial", na kwa maandishi ya kale kabisa "foolish". Kosa linalotokea hapa ni kuishia kwenye sentensi moja. "It was a nice question" inakubali "pleasant" bila tatizo lolote ukiitenga peke yake. Aya inayofuata ndiyo itakayokuumbua, kwa hiyo isome kabla ya kuamua.

Ndugu wa neno hili nao wamegawana urithi. "Niceness" ni wema na upole, maana ya kisasa. "Nicety" imeshikilia maana ya kale: "the niceties of procedure" ni mambo madogo ya utaratibu yanayohitaji uangalifu, na "to a nicety" ni kwa usahihi kamili. Ukiyatafsiri yote mawili kwa "uzuri" utakuwa umekosea moja kati ya mawili kila mara. "Nicely" ipo katikati. "The child behaved nicely" ni alikuwa na adabu, "nicely calculated" ni iliyopigiwa hesabu barabara.

Kwa matumizi ya kila siku, makosa ya wasemaji wa Kiswahili yanafuata mkondo mmoja: tunaliingiza kila mahali ambapo kwetu tungesema "-zuri". Kiingereza hakikubali hivyo. Mpangilio kwanza. Kiswahili kinaruhusu "shati jipya zuri", lakini Kiingereza hutanguliza maoni ya msemaji kabla ya sifa ya kitu: "a nice new shirt". "A new nice shirt" inaeleweka ila inagonga masikio. Kisha kuna "nice and" ikifuatwa na kivumishi kingine, kama "the tea is nice and hot". Hapa hakuna sifa mbili. "Nice and" inasema joto la chai ni lile linalotakiwa, na tafsiri yake ni "chai ina moto wa kutosha, safi kabisa". Muundo huu hukaa baada ya kitenzi. Ukisema "a nice and hot tea" umevunja muundo, na msikilizaji atahesabu sifa mbili tofauti.

Vihusishi navyo vinabeba tofauti kubwa. "She was nice to me" inaeleza namna alivyonitendea. "It was nice of her to come" inasifu kitendo kimoja, kwamba kuja kwake ni wema. Kuna na salamu. "Nice to meet you" ni ya mara ya kwanza kuonana, basi. Kwa rafiki uliyemkosa siku nyingi sema "nice to see you". Mkishaongea na mnaagana, kama ndiyo mmefahamiana siku hiyo, ni "nice meeting you". Kumwambia mtu mnayefahamiana miaka mitano "nice to meet you" kunamfanya ajiulize kama umemsahau.

Sikiliza pia sauti. "That's a nice way to treat a friend", ikisemwa kwa mkazo juu ya "nice", ni lawama kali. "A nice mess" ni vurugu tupu. Katika maandishi mkazo hausikiki, kwa hiyo angalia nomino: ikiwa ni jambo baya, kama fujo au hasara, neno limegeuzwa makusudi, na Kiswahili kina njia yake ya kulisema, "haya ndiyo malipo ya rafiki?"

Mahali ambapo ningeliondoa kabisa ni barua ya kumpendekeza mtu kazini au chuoni. H. W. Fowler, katika mwongozo wake wa matumizi ya Kiingereza wa mwaka 1926, alilaumu kwamba neno hili limepoteza upekee wake na kubaki kumwaga upole usio na umbo. Lawama hiyo bado ina uzito panapohitajika ushahidi. "He is a nice person" haimwambii mwajiri chochote, na msomaji mwenye uzoefu anaweza kudhani umekosa la kusema. Kama anawasaidia wenzake bila kuombwa, andika "considerate". Kama anaongea na wateja kwa heshima hata wakiwa na hasira, andika "courteous", kisha taja tukio moja. Kama kazi yake haina makosa ya hesabu, andika "precise". Chakula kiwe "tasty", chumba kiwe "comfortable", mwalimu awe "patient". Kwenye mazungumzo ya jioni liache litumike kadiri upendavyo.